Kwa nini timu nzuri kazini ndo zinaandika makosa mengi? Karibuni tujadili utafiti wa Profesa Amy Edmondson

#1 MsomajiWaUsiku
Wakuu habari za mida hii. Kuna huyu mama anaitwa Amy Edmondson, profesa wa uongozi pale Harvard Business School, kazi yake yote ya utafiti ni namna watu wanavyoishi na wenzao na mabosi wao kazini. Miaka ya 90 mwanzoni akiwa bado anasomea udaktari wake aliingizwa kwenye utafiti mkubwa wa makosa ya dawa hospitalini kule Massachusetts. Kulikuwa na manesi watafiti wanapita wodini kuhesabu makosa, mgonjwa kapewa dozi siyo, dawa ya huyu kapewa yule, na Edmondson yeye kazi yake ilikuwa kugawa fomu za maswali apime timu ya kila wodi ikoje, wanaelewana, wanasaidiana, inchaji wao (nesi msimamizi wa wodi) anaongea nao vipi. Alichotarajia ni kile ambacho mimi na wewe tungetarajia, wodi yenye maelewano itakuwa na makosa machache. Majibu yakaja kinyume kabisa! Wodi zenye timu nzuri ndo zilikuwa na makosa mengi, zile za inchaji mkali makosa machache.

Alivyokuja kuelewa ni kwamba wale hawakosei zaidi, wanasema zaidi. Huko kwingine makosa yapo ila yamefukiwa. 1999 akatoa makala nyingine akiwa amepima timu 51 za kiwanda cha samani za ofisi, na hapo ndo hili jina la usalama wa kisaikolojia likashika, yani wanatimu wanaamini mtu akiuliza, akipinga au akisema hapa nimekosea hataaibishwa wala kukomolewa.

Sasa swali langu, kwenye kazi zetu huku ukimya wa watu mbele ya bosi unatokana na nini hasa? Ni bosi mwenyewe, ni njaa, ni malezi au kuna kingine? Mwenye kisa alete.

#2 KijanaWaMwenge
Nimeweka kiti hapa, ngoja waje wenye uzi wao.

#3 SistaZamuYaUsiku
Mleta mada umenigusa panapouma. Mimi ni nesi, wodi ya watoto. Chukua saa nane usiku, faili liko mkononi, daktari kaandika dozi na ile nukta haionekani vizuri, ukisoma hivi ni 0.5 ukisoma vile ni 5. Ukiwa na watu waelewa unapiga simu, daktari anaamka, anakwambia nisomee uzito wa mtoto, mnakokotoa wote kwenye simu, imeisha. Sehemu niliyofanya kazi mwanzo ukipiga simu hiyo asubuhi yake unaulizwa mbele ya wenzako na mbele ya wanafunzi, kwani wewe chuo ulifundishwa nini. Basi tukawa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe pembeni ya kabati la dawa, hiki unakionaje wewe, tukikubaliana wawili watatu tunatoa. Fikiria, dozi ya mtoto mnaipigia kura. Na daftari letu la matukio lilikuwa jeupe, tena tulisifiwa kwenye kikao kwa kuwa na daftari jeupe kuliko wodi zote.

Kwa hiyo huyo profesa hajanishangaza hata kidogo.

#4 MtuWaTakwimu
Pole sana Sista #3. Ila mimi naomba kubisha kidogo, mnisamehe. Zile wodi zilikuwa 8 tu katika hospitali mbili. Kwa wodi 8 unaweza kupata uhusiano wa ajabu kwa bahati tu. Halafu kuna maelezo mengine mepesi zaidi, mfano wodi nzuri ndo inapelekewa wagonjwa mahututi, wagonjwa mahututi wanakula dawa nyingi, dawa nyingi nafasi za kukosea nyingi. Au mtafiti akikaribishwa vizuri chai anapewa na mafaili anafunguliwa basi anaona mengi. Hilo la hofu linakuja la ngapi?

#5 KijanaWaMwenge
Mkuu #4 wewe hata ukialikwa harusini utauliza sampuli ilikuwa watu wangapi 😂

#6 MsomajiWaUsiku
#4 hoja nzito na Edmondson mwenyewe aliiona. Alichofanya akamchukua msaidizi, Andrew Molinsky, ambaye hakuambiwa wodi ipi ina makosa mengi wala fomu zimesema nini. Jamaa akaenda kukaa wodini, anatazama watu wanavyofanya kazi, anawahoji, akazipanga zile wodi kuanzia yenye uwazi mpaka iliyojifunga. Mpangilio wake ukafanana sana na idadi ya makosa yaliyogundulika. Kwa hiyo hilo la mtafiti kukaribishwa chai halijafa ila limepungua nguvu. La wodi kuwa 8 tu nakuachia, ndo maana alienda mpaka kiwandani akapata timu 51.

#7 MtuWaTakwimu
Hapo kiwandani nako kuna jambo. Usalama wenyewe ulipimwa kwa maswali 7 ambayo watu wanajijazia. Timu inayofanya vizuri na inasifiwa kila siku lazima itajisikia salama, sasa nani kamzaa nani? Sisemi profesa kakosea, nasema tusikimbilie kumlaumu bosi kwa kila kitu.

#8 FundiNondo
Nyie mnaongelea wodi, njooni saiti. Tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya pili, mashine inaunguruma, kokoto imeshapandishwa, nikaona kwenye mhimili mmoja ringi, zile nondo nyembamba za kukunja zinazofunga nondo ndefu, zimepishana mbali sana, pale zilitakiwa zisogee karibu karibu maana ni jirani na nguzo. Kijana aliyefunga alikuwa anajua, mimi najua, saidia fundi aliyebeba ndoo anajua. Formeni anapiga kelele zege litaganda twende twende. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka mhandisi mwenyewe alipopanda juu kwa bahati akaona, akasimamisha kazi. Formeni akatugeukia, mbona hamkusema? Yule kijana akamjibu, juzi aliyesema alilipwa siku yake akaambiwa asirudi.

Kwa hiyo mkuu #7 hayo mambo ya nani kamzaa nani sisi kwetu yanajulikana. Aliyesema juzi yuko wapi leo? Ukishajua hilo umejua kila kitu.

#9 MwanaMvita
Salaam wadau, niko Mombasa. Hiyo ya Fundi ni njaa bwana, si saikolojia. Mtu analipwa kwa siku, hana barua, hana chama, mdosi akisema usirudi hurudi. Mpe mkataba wa maana uone kama hataongea. Hawa maprofesa wanasoma wafanyakazi wa kampuni kubwa Marekani wenye bima ya afya af wanatuambia ni hisia za usalama. Usalama ni mkataba.

#10 MamaWaMahesabu
#9 nakupinga kwa upendo. Nimefanya ofisi ya watu wenye ajira za kudumu, pensheni, kila kitu, kufukuzwa mpaka uwe umeiba mchana kweupe. Kikao cha Jumatatu kimya kama kawaida. Mkurugenzi anauliza kuna mwenye maoni, watu wanaangalia madaftari yao. Kikao kikiisha kwenye ngazi ndo utasikia maoni, tena mazuri yenye akili. Mkataba ulikuwepo, mbona midomo haikufunguka?

#11 MwanaMvita
Ni sababu hata wa kudumu ana cha kupoteza dada. Safari, posho, uhamisho. Hawakufukuzi, wanakupeleka mahali hakuna stima.

#12 MwalimuKiranja
Naongeza profesa mwingine ambaye mleta mada hajamgusa, George Graen. Yeye na wenzake Dansereau na Haga 1975 walitoa kazi inayosema bosi hana uhusiano wa aina moja na watu wake wote. Anao wa ndani na anao wa nje. Wa ndani anapewa kazi nzito, taarifa mapema, anasikilizwa, wa nje anafuata mkataba wake basi. Na mgawanyo huo hutokea mapema sana mtu akishaajiriwa. Graen alienda mpaka Japan na mwenzake Wakabayashi wakawafuatilia vijana waliotoka chuo kuingia kampuni moja kubwa, baada ya miaka 7 wakakuta uhusiano wa kijana na bosi wake wa mwanzo mwanzo ulikuwa unaonyesha nani atapanda.

Ukilitazama hivi utaona swali la mleta mada lina kasoro. Anauliza kwa nini watu wako kimya. Sio watu wote wako kimya! Kuna wawili kila ofisi wanaongea watakavyo na bosi anacheka. Mama wa Mahesabu #10 hebu sema ukweli, kwenye hicho kikao hakukuwa na mtu wa bosi?

#13 MamaWaMahesabu
Alikuwepo 😂 tena anakaa kiti cha kulia. Yeye alikuwa anaongea ila alikuwa anaongea kile ambacho mkurugenzi kashakifikiria.

#14 MzeeWaUpanga
Vijana shikamooni zenu nimezipokea japo hamjazitoa. Mimi nimestaafu. Naona mnazunguka mbuyu. Mtoto wa kwetu analelewa usimjibu mkubwa, mkubwa akiongea tazama chini. Huyo mtoto anakuwa mhandisi, anakuwa nesi, mnataka akifika kazini amwambie mkubwa umekosea? Mholanzi Geert Hofstede alipima jambo hili kwa dodoso za wafanyakazi wa IBM za miaka ya 1967 hadi 1973, umbali kati ya mkubwa na mdogo. Afrika Mashariki tulipata 64, Marekani 40, Denmark 18. Namba inaongea.

#15 MtuWaTakwimu
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hiyo 64 ni ya Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zimewekwa kwenye kapu moja, na waliojibu ni wafanyakazi wa IBM, watu wa mashine za hesabu wa mjini miaka hiyo. Hawamwakilishi fundi wala nesi. Af Wamarekani wenye 40 yao ndo hao hao wa zile wodi zilizofukia makosa. Malezi yakiwa ndo sababu wale walilelewa wapi?

#16 MzeeWaUpanga
Marahaba. Nimekuelewa, lakini mimi nimeongoza watu miaka mingi na nawaambia heshima ya nyumbani inaingia ofisini na viatu vyake. Mkubwa mwenye busara anajua hilo, anauliza mara ya pili na ya tatu, anamfuata mtu pembeni. Hiyo haimo kwenye dodoso.

#17 RubaniWaArdhini
Hili suala watu wa ndege walilishughulikia kabla. Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, ndege mbili za 747 zikagongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Kapteni wa ndege moja, ya KLM ya Uholanzi, alikuwa mkubwa sana pale kampuni. Anaanza kukimbiza ndege, fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake akauliza, hivi yule mwenzetu ameshatoka njiani? Kapteni akajibu kwa mkato ndiyo, wakaendelea. Tazama vizuri hapo, mtu ALISEMA. Alisema kama swali, kwa upole, na haikutosha. Baada ya ajali kadhaa za namna hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, ikaitisha warsha 1979 na ndo mafunzo ya marubani kusikilizana yakaanzia hapo. Na sisi tuna yetu, ile ya Kenya Airways ya Douala, Kameruni mwaka 2008, watu 114.

#18 MwanaMvita
Ni 5 Mei 2007 ndugu, si 2008. Ilitoka Abidjan ikipitia Douala kuja Nairobi, ikaanguka usiku dakika chache baada ya kuruka, na mabaki yalichukua muda kuonekana ingawa yalikuwa karibu tu na uwanja, kwenye kinamasi. Ripoti ilisema kapteni alipoteza mwelekeo gizani na pia wawili hao hawakuwa wanashirikiana vile inafaa. Kapteni mtu mzima, msaidizi kijana wa miaka ishirini na kitu. Hiyo inauma mpaka leo huku kwetu.

#19 RubaniWaArdhini
Sawa kabisa 2007. Kijana na mtu mzima kwenye chumba kimoja, hapo Mzee wa Upanga na Mwalimu Kiranja wote wana sehemu yao.

#20 NokiaYaTochi
Mmefika kwenye ndege hamjafika kwenye simu? Kuna watafiti wawili, Timo Vuori na Quy Huy, 2016 walitoa kazi kuhusu Nokia baada ya kuhoji watu 76. Mameneja wa kati walikuwa wanawaogopa wakubwa, wakubwa wanaogopa washindani na wenye hisa, basi wa kati wanapeleka habari nzuri juu kwamba mfumo mpya wa simu utakuwa tayari, kumbe haujawa, wakubwa wanaahidi soko kwa habari hizo hizo. Na hao walikuwa Wafini, mzee wangu #14, watu ambao kwa Hofstede umbali wao ni mdogo. Kampuni iliyotupa 1100 ya tochi, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, hakuna kijiji haikufika.

#21 KijanaWaMwenge
Usiwaguse Nokia hapa. Babu yangu kule Muheza ya kwake inawaka mpaka leo, anaamkia nayo kwenda kukamua ng'ombe.

#22 NokiaYaTochi
Mfungie na mpira asiiangushe.

#23 BosiMdogo
Naona hapa mabosi tunachapwa tu, niruhusuni. Nina karakana na vijana kumi na kitu. Nilishajaribu huo uwazi. Kila mtu akawa na maoni, kazi ya kubadilisha brekpedi inajadiliwa nusu saa, mteja amekaa juani. Kuna kazi hazihitaji mjadala, zinahitaji mtu afanye kama alivyoelekezwa. Na sio mimi peke yangu, Peter Cappelli wa chuo cha biashara cha Wharton Marekani na wenzake wawili walitoa kazi 2023 inaonyesha kwenye kazi za kila siku zinazojirudia, huo usalama ukizidi kiwango utendaji unashuka. Hilo mbona mleta mada hukuliweka?

#24 MsomajiWaUsiku
Sikuliweka kwa kuwa sikutaka uzi uwe mrefu mkuu, ila karibu. Edmondson mwenyewe anasema usalama peke yake bila viwango vya kazi unazaa watu waliojibweteka, viwango bila usalama vinazaa watu wenye wasiwasi, anataka vyote viwili viwe juu. Sasa kijana wako akiona bolti ya gurudumu imeliwa, atakwambia au atakaza hivyo hivyo?

#25 BosiMdogo
Atanambia. Nadhani.

#26 FundiNondo
#25 hiyo nadhani yako ndo uzi wote huu.

#27 DadaWaKaunta
Mimi ni wa benki, nisiseme wapi. Someni kisa cha benki ya Wells Fargo kule Marekani. Wafanyakazi walikuwa wanasukumwa kila mteja awe na huduma nane, ukikosa unaitwa unasimamishwa mbele ya wenzako. Wakaanza kufungua akaunti za uongo kwa majina ya wateja. 2016 wakapigwa faini ya dola milioni 185 na wafanyakazi kama 5,300 walishafukuzwa, akaunti milioni 2.

#28 MtuWaTakwimu
Hiyo milioni 2 ni hesabu ya mwanzo, mwaka uliofuata walirudia wakasema zaidi ya milioni 3.5.

#29 DadaWaKaunta
Inazidi kuwa mbaya basi. Ninachosema hapo tatizo halikuwa bosi mkali wa tawi wala malezi. Ilikuwa ni lengo. Ukishampa mtu lengo ambalo haliwezekani na ukamnyima nafasi ya kusema haliwezekani, atakutengenezea namba. Kila mwisho wa mwezi naona watu wazuri kabisa wanapigia simu ndugu zao wafungue akaunti za elfu kumi kumi.

#30 MwalimuKiranja
Turudi kidogo kwa profesa mwenyewe, watu wanaandika kama ndiye aliyebuni kila kitu. Hili wazo la usalama kazini Edgar Schein na Warren Bennis walishaliandika 1965, na William Kahn wa Boston University akalirudia 1990. Edmondson alichofanya ni kulipeleka kwenye timu nzima na kulipima. Lililomfanya ajulikane hadi nje ya vyuo ni Google, walipochunguza timu zao 180 kuanzia 2012 wakakuta kilichotofautisha timu sio nani yumo, ni namna wanavyoishi, na hili likawa la kwanza. Habari ikatoka magazetini 2016, basi kila mshauri wa makampuni akaanza kuliuza.

#31 SistaZamuYaUsiku
Alianzia wapi huyu mama? Alikuwa wa afya?

#32 MsomajiWaUsiku
Hapana dada, ni mhandisi. Baada ya chuo alifanya kazi kwa Buckminster Fuller, yule mzee wa majengo ya mapande ya pembetatu kama kuba, akiwa mhandisi wake mkuu miaka ya mwisho ya uhai wa huyo mzee, kafa 1983. Mpaka kitabu cha kueleza jiometri ya Fuller aliandika. Akaenda kwenye kampuni ya mafunzo ya kazini, huko ndo akaanza kujiuliza kwa nini makampuni hayajifunzi, akarudi Harvard akamaliza udaktari 1996 na kuanza kufundisha hapo hapo. Kuna kazi yake nyingine na Bohmer na Pisano, 2001, hospitali 16 zinajifunza upasuaji mpya wa moyo wa kupitia tundu dogo kati ya mbavu badala ya kupasua mfupa wa kifua. Kwenye upasuaji huo daktari haoni kila kitu, anategemea mwenzake wa picha na nesi wamwambie. Zilizofanikiwa sio zile za madaktari mabingwa wenye majina, ni zile ambazo timu ilifanya mazoezi pamoja na nesi alikuwa na ruhusa ya kusema simama.

#33 SistaZamuYaUsiku
Basi niwaeleze kinachonisumbua, maana uzi huu umekuja wakati wake. Sasa niko wodi nyingine na tumepata inchaji mpya. Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu hatuulizi nani kakosea, anauliza jana usiku kipi kilikutatiza. Watu wameanza kuandika, daftari linajaa kweli kweli. Sasa uongozi umemwandikia barua ajieleze kwa nini makosa yamepanda tangu aje. Kikao ni wiki ijayo.

#34 FundiNondo
Mungu wangu!

#35 MzeeWaUpanga
Asiende peke yake. Aende na daktari mmoja anayeheshimika, aseme kwa utulivu, asianze na mambo ya Harvard, wakubwa hawapendi kufundishwa. Aanze na mtoto mmoja aliyenusurika.

#36 DadaWaKaunta
Mzee mimi naona aanze na Harvard, wakubwa wetu kitu kikitoka nje ndo wanakiamini.

#37 MtuWaTakwimu
Sista, aende na namba. Yagawe matukio ya daftari mafungu mawili, yale yaliyonaswa kabla dawa haijamfikia mgonjwa na yale yaliyomfikia. Kama la kwanza ndo limepanda na la pili halijapanda, hoja ya uongozi imekosa miguu. Likipanda la pili nalo, hapo mna kazi ya kufanya na mseme hivyo hivyo. Angalia na idadi ya wagonjwa kwa mwezi, wasije wakawa wameongezeka tu.

#38 MwanaMvita
Huyu mbishi leo amesaidia mtu.

#39 SistaZamuYaUsiku
Hiyo ya mafungu mawili naichukua, nikiingia zamu naanza na kurasa za miezi iliyopita. Kuna mtu anaweza kunionyesha namna ya kuipanga kwenye Excel? Kompyuta ya wodini ni ya zamani.

#40 MamaWaMahesabu
Njoo inbox mdogo wangu, weka safu ya tarehe, zamu, dawa, limenaswa au limefika. Jina la aliyekosea usiliweke kabisa.